Mrithi wa Kimila Si Mwenye Mali Yote

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko Kasese, Bwera, Mpondwe na katika vituo vyote vya mpaka wetu wa magharibi, maelezo yetu ya leo hayahusu adui aliyejificha msituni, wala magendo yavushwayo usiku katika mto Lhubiriha. Yanahusu jambo linaloingia nyumbani mwa askari siku ile ile mwili wake unapoteremshwa kaburini, yaani mali yake inakwenda kwa nani, na kwa amri ya nani.

Na tumfikirie koplo mmoja. Ana nyumba ya matofali karibu na Bwera, shamba la kahawa la ekari mbili mlimani, ng'ombe wanne upande wa Nyakatonzi, pikipiki moja, na akiba aliyokatwa kidogo kidogo katika mshahara wake. Koplo huyu si tajiri. Akiulizwa habari za wosia, hucheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye maghorofa Kampala. Kisha anafariki. Matanga yanapokwisha, ukoo unakaa na kumsimika mdogo wake kuwa mrithi. Jioni ile ile mdogo mtu anachukua funguo za pikipiki, anataka apewe hati za shamba, na baada ya miezi miwili anamwambia mjane kwamba imempasa arudi kwa wazazi wake, au akubali kuwekwa chini ya mwangalizi mpya. Majirani wananung'unika, lakini hawasemi kitu, kwa maana kila mmoja wao anaamini kwamba sheria iko upande wa mrithi.

Imani hiyo haina msingi. Sheria ya Urithi ya Uganda, ambayo chanzo chake ni cha mwaka 1906, na ambayo ilirekebishwa kwa Dikrii Namba 22 ya mwaka 1972, inamtambua mrithi wa kimila na kumpa fungu lake. Fungu hilo ni asilimia 1. Dikrii ya 1972 iliweka mafungu manne kwa mtu aliyekufa bila wosia: mrithi wa kimila asilimia 1, wajane asilimia 15, jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu asilimia 9, na watoto asilimia 75. Kwa hiyo hata katika miaka ile, ambayo wazee wengi huitaja kuwa miaka ya mila, mrithi hakupewa zaidi ya shilingi moja katika kila shilingi mia.

Mafungu hayo yalidumu hadi Aprili 2007, wakati Mahakama ya Katiba ilipobatilisha kifungu cha mgawanyo pamoja na vifungu vingine kadhaa, kwa sababu vilimbagua mwanamke: vilizungumza juu ya mali ya mwanamume aliyekufa, kana kwamba mwanamke hafi au hana mali. Kutoka hapo nchi ilikaa miaka 15 bila mgawanyo ulio wazi katika kitabu cha sheria. Pengo hilo lilizibwa na marekebisho ya mwaka 2022. Sasa mume au mke aliyebaki anapata asilimia 20, jamaa waliomtegemea marehemu asilimia 4, watoto asilimia 75, na mrithi wa kimila amebaki pale pale kwenye asilimia yake 1.

Tuifanye hesabu, maana hesabu haina ukoo. Tuseme kwamba baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, na baada ya kutenga yale ambayo sheria inaamuru yatengwe kwanza, mali ya koplo inayogawanywa ina thamani ya shilingi milioni 40. Mjane atapata milioni 8. Mama mzazi wa koplo, ikiwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimtegemea, atapata milioni 1 na laki 6. Watoto, tuseme ni sita, watagawana milioni 30, yaani milioni 5 kila mmoja, wa kike sawa na wa kiume, aliyezaliwa ndani ya ndoa sawa na aliyezaliwa nje. Mrithi aliyesimikwa, yule aliyekwisha kuchukua pikipiki, atapata shilingi laki 4. Pikipiki peke yake imezidi fungu lake mara nyingi.

Na nyumba ile ya matofali haimo kabisa katika hesabu hii. Nyumba ambayo marehemu alikaa pamoja na familia yake haiwekwi katika chungu cha kugawanywa. Hushikwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba ya mjane na watoto, nao huendelea kukaa humo. Kumfukuza mjane au mtoto katika nyumba hiyo ni kosa la jinai.

Hapa yafaa tuseme neno moja na askari wa polisi. Mara nyingi mjane hufika kituoni na mtoto mgongoni, akaeleza kwamba ametolewa nyumbani, naye huambiwa: hilo ni jambo la kifamilia, nendeni mkapatane mbele ya wazee. Jibu hilo lilikuwa baya zamani, na tangu 2022 halina udhuru hata kidogo. Mwenye kumtoa mjane, na mwenye kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, anatenda kosa ambalo polisi ana wajibu wa kulipokea, kuliandika katika kitabu na kulipeleleza. Kitengo cha Familia na Watoto kipo kwa kazi kama hizi. Wazee wa ukoo wana heshima yao, na upatanisho wao ni mwema pale ambapo pande zote mbili bado zina paa la kulala chini yake. Lakini haifai upatanisho uanze baada ya mmoja kukwisha kutupwa nje.

Kosa la pili katika fikira za watu ni kuhusu wosia wenyewe. Wapo wanaodhani kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Wapo wanaodhani kwamba wosia lazima uandikwe na mwanasheria, kwa Kiingereza, kwa taipu, na kwa malipo makubwa. La. Sheria inataka mambo machache tu. Mwandikaji awe ametimiza miaka 18 na awe na akili timamu. Wosia uwe katika maandishi. Autie sahihi, au alama ya kidole ikiwa hajui kuandika. Na mashahidi wasiopungua wawili washuhudie, nao watie sahihi zao. Unaweza kuandikwa kwa kalamu katika daftari la shule. Unaweza kuandikwa kwa Lukonzo au kwa Kiswahili, nao utatafsiriwa siku utakapopelekwa mahakamani. Jambo la kuangaliwa sana ni hili: shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu katika wosia huo, wala mumewe au mkewe. Wosia hautaharibika, lakini zawadi aliyoachiwa shahidi huyo itakuwa bure. Wazazi wengi kwa mapenzi huwaita watoto wao wakubwa kuwa mashahidi, na kwa kitendo hicho huwanyima kile walichotaka kuwapa.

Aidha, wosia haumwondolei mtu mali yake angali hai. Yeye huendelea kuuza, kununua na kubadili shauri, na akitaka huuchana wosia na kuandika mwingine. Akioa, akiongeza mtoto, au akinunua kiwanja, yafaa aandike upya. Tena wosia hauwezi kumpa mtu kitu kisicho cha mwandikaji: ardhi ya ukoo haitakuwa ya mtu mmoja kwa kuandikwa katika wosia, wala shamba alilolinunua mke kwa fedha za biashara yake ya samaki haliwi mali ya mume. Na anayemsahau kwa makusudi mtoto mdogo au mke anayemtegemea, mahakama ina uwezo wa kuamuru watu hao watunzwe kutoka katika mali hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo askari wengi hawajapata kulisikia, ingawa limewekwa kwa ajili yao. Mwananchi wa kawaida akisema maneno ya mwisho kitandani, hata mbele ya watu hamsini, maneno hayo si wosia. Lakini sheria yetu ina mlango mmoja mdogo kwa mwanajeshi wa Uganda aliye katika safari ya kivita au katika mapigano yenyewe, na pia kwa baharia aliye baharini. Huyu anaweza kufanya wosia wa namna ya pekee. Akiuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, hauhitaji shahidi, wala hauhitaji sahihi. Akiandikiwa na mwenzake, akautia sahihi yeye, mashahidi hawahitajiki. Na ikiwa hakuna karatasi wala kalamu, anaweza kutamka nia yake kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili walio pamoja naye kwa wakati mmoja, na maneno hayo yatakuwa wosia.

Desturi hii ni ya kale sana. Warumi waliwapa askari wao ruhusa ya namna hii tangu zama za Julius Caesar, kwa kuwa walitambua kwamba mtu aliye chini ya mishale hawezi kutafuta mwandishi na muhuri. Waingereza waliiweka katika sheria yao ya wosia ya mwaka 1837, na kwa njia ya sheria za kikoloni ikatufikia sisi. Kwa maoni yetu, askari waliovuka mpaka kuingia Kongo katika Operesheni Shujaa, iliyoanza Novemba 30, 2021, ni mfano ulio wazi wa watu ambao kifungu hicho kiliwakusudia.

Lakini mlango huo una kitasa chake. Wosia wa mdomo hufa mwezi mmoja baada ya askari, akiwa angali hai, kutoka katika hali ile iliyomruhusu kuufanya. Yule aliyewaambia wenzake wawili msituni kwamba shamba la Bwera apewe binti yake, akarudi salama kambini, akakaa miezi mitatu, kisha akapata ajali ya gari katika barabara ya Kasese, huyo amekufa bila wosia. Wenzake wanaweza kuapa na kulia, mahakama haitawasikiliza. Hali kadhalika, kifungu kinataja majeshi ya Uganda, na askari wa polisi anayelinda benki mjini Kasese au anayekagua malori Mpondwe asijitegemeze kwacho. Yeye ni kama raia wengine: karatasi, sahihi, mashahidi wawili. Na kwa kweli hata mwanajeshi anayengojea mpaka risasi zianze ndipo aseme nia yake, anawatwika wenzake mzigo mzito katika saa ambayo wana kazi nyingine.

Kuna fomu moja ambayo kila askari aliijaza siku ya kuandikishwa, ile ya kumtaja ndugu wa karibu. Wengi waliijaza wakiwa vijana wa miaka 20, hawajaoa, wakaandika jina la baba au la kaka. Miaka 20 baadaye wana wake na watoto, na jina lililoko makao makuu ni lile lile la kaka. Siku ya msiba kaka anakuja na nakala ya fomu, akisema kwamba serikali imemteua kuwa mwenye mali. Sivyo. Ndugu wa karibu ni mtu wa kupewa habari: kwamba mwenzenu ameumia, kwamba mwenzenu amefariki, njooni mchukue mwili. Kutajwa katika fomu hiyo hakumpi hata jembe moja la marehemu. Katika vyama vya ushirika vya akiba na mikopo mambo ni tofauti kidogo, kwa maana sheria ya ushirika inamruhusu mwanachama kumtaja mtu wa kupokea hisa na akiba zake katika chama hicho. Basi fomu hizo mbili zisichanganywe, na zote mbili zisahihishwe kila mara hali ya nyumbani inapobadilika. Karani wa kambi hataota ndoto kwamba askari fulani ameoa.

Hapo tumegusa ndoa, nako kuna kosa ambalo huwaumiza wanawake zaidi kuliko mengine yote. Inasemwa mitaani kwamba mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka kadhaa, akamzalia watoto, amekwisha kuwa mke kwa sheria. Sheria ya Uganda haisemi hivyo, hata wakikaa pamoja miaka 30. Watoto wao watarithi bila shaka yoyote, lakini yeye mwenyewe, ikiwa hapakuwa na ndoa ya kanisa, ya msikiti, ya serikali au ya mila, hana fungu katika ile asilimia 20. Ndoa ya mila ni ndoa kamili, na tangu sheria ya mwaka 1973 inaweza kuandikishwa katika makao ya kata ndogo. Askari ambaye alipeleka mbuzi na mahari kwa wakwe zake huko Bukonzo, lakini hakuandikisha, anamwachia mke wake kazi ya kuthibitisha ndoa kwa mashahidi ambao huenda wamekufa, au ambao ni ndugu wa mume na sasa wamepoteza kumbukumbu. Na mwenye mwenzi ambaye hajamwoa, lakini anataka asiachwe mikono mitupu, njia iliyobaki ni wosia.

Waislamu wa Kasese nao wanajua mafungu yao katika Kurani, na kwamba wosia katika dini yao hauzidi theluthi moja ya mali, wala haumwongezei mrithi aliye na fungu lake tayari. Anayetaka mali yake igawanywe kwa utaratibu wa dini yake, na aandike hivyo katika wosia ulioshuhudiwa sawasawa, badala ya kutumaini kwamba kila mtu atakumbuka alikuwa akisali wapi.

Kwa watu wa Bwera kuna jambo moja zaidi. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu, na si ajabu familia moja kuwa na nyumba Mpondwe na shamba nyuma ya Kasindi. Ardhi hufuata sheria ya nchi ambamo imelala. Shamba lililoko Uganda litagawanywa kwa sheria ya Uganda, lakini lile la Kasindi litafuata Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, ambayo inawapa watoto robo tatu, na robo inayobaki inakwenda kwa kundi la pili lenye mjane, wazazi, na kaka na dada za marehemu. Mrithi wa kimila wa upande wetu hana asilimia yake 1 huko. Karatasi ya mahakama ya Kasese haimfukuzi mtu shambani Kasindi, na ya Beni haimwingizi mtu nyumbani Bwera.

Katika upande huu wa mpaka, ardhi nyingi ya Kasese inamilikiwa kwa mila, bila hati ya serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliruhusu mwenye ardhi ya namna hiyo kupata cheti cha umiliki wa kimila, na Kasese ni miongoni mwa wilaya zilizotangulia kuvitoa. Cheti kikiandikwa majina ya mume na mke pamoja, ugomvi wa baadaye hupungua sana. Sheria hiyo hiyo inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila idhini ya mwenzake, na askari anayekopa kwa dhamana ya shamba bila mke kujua anajenga juu ya mchanga.

Imebaki njia ya kufuata baada ya kifo. Kwanza kifo kiandikishwe na cheti chake kipatikane. Kisha habari zipelekwe kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali, ambaye wilayani huwakilishwa na afisa mkuu mtawala wa wilaya. Yeye huwaita wanaohusika, huandika mali na watoto wote, na akiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Hapo ndipo mwombaji huenda mahakamani kuomba barua za usimamizi, au kuthibitisha wosia kama upo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuandika barua ya kumtambulisha mwombaji, lakini hawezi kutoa barua za usimamizi, wala ukoo hauwezi. Marekebisho ya 2022 yamempa mume au mke aliyebaki nafasi ya kwanza katika kuomba, isipokuwa mahakama ikiona kwamba hafai. Na anayepewa barua hizo, awe mjane au kaka, hakupewa mali. Amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kutoa hesabu mahakamani, tena kwa muda uliowekwa, si kwa maisha yake yote.

Wosia uandikwe nakala zaidi ya moja. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulichukua nyumba za Kilembe pamoja na masanduku yaliyokuwa chini ya vitanda. Nakala moja ikae na mke, moja kwa kiongozi wa dini au mwanasheria, au katika benki, na mtu mmoja anayeaminiwa aambiwe zilipo.